Beetle ya 1972 inadondosha petroli: badilisha mipira yote, kuanzia tenki hadi kabureta

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya 1300, aliyoniachia baba. Asubuhi nakuta doa la petroli chini, usawa wa giaboksi, na nikiendesha harufu inaingia ndani, hasa nikipanda mlima. Fundi wa mtaani alikata kipande cha mpira akaunganisha kwa mpira wa plastiki ule unaoonyesha ndani, akapaka sabuni kwenye maungio. Ilitulia wiki moja, sasa imeanza tena. Nibadilishe nini hasa? Na je, naweza kuendelea kulitumia gari huku natafuta vifaa?" Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu haliwezi kusubiri. Usiliendeshe, hata kwenda gereji. Tenki la gari hili liko mbele na injini iko nyuma, na tenki limekaa juu kuliko bomba linalopeleka petroli nyuma. Modeli yako haikutoka kiwandani na koki chini ya tenki. Mpira ukipasuka upande wa nyuma, petroli inashuka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na inaweza kuendelea kushuka mpaka karibu lita zote 40 za tenki ziishe. Kando ya pampu ya mafuta kuna distribyuta inayotoa cheche, na juu yake kuna dainamo yenye brashi zinazotoa cheche. Kasha lenyewe la injini ni aloi ya magnesiamu. Likishashika moto, maji hayalizimi, yanauchochea. Beetle nyingi zilizoungua duniani ziliungua kwa sababu ya mpira ambao ungenunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo leo hii lisukume gari lipaki nje, mbali na jiko la mkaa na mbali na mtu anayechomelea vyuma. Kama uwanja una mteremko, pua iangalie chini, ili petroli isiwe na msukumo mkubwa wa kwenda nyuma. Inua kiti cha nyuma, betri iko chini yake, na utoe waya wa hasi. Ukiwa hapo, hakikisha betri ina kifuniko chake, maana springi za kiti zikibonyea na kugusa ncha za betri, nazo huwasha moto, na hilo ni tatizo jingine la zamani la gari hili.

Sasa dalili zako. Njia ya petroli ina pande mbili, na kila upande huvuja kwa tabia yake. Kutoka kwenye tenki hadi kwenye pampu petroli inavutwa, lakini gari likisimama inabaki na uzito wa petroli iliyo tenkini. Upande huo hudondosha gari likiwa limelala, na injini ikiwaka unaweza hata kuacha kudondosha na badala yake ukavuta hewa, gari likaanza kukatakata. Kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta petroli inasukumwa, kwa shinikizo dogo tu la karibu 0.2 bar, lakini linatosha kurusha petroli nje injini inapozunguka. Ukizima, upande huo hutulia. Doa lako ni la asubuhi, na liko usawa wa giaboksi. Mtuhumiwa wa kwanza ni mpira ulio juu ya giaboksi, pale bomba la chuma linapotoka kwenye handaki la chasisi, yaani mfereji wa chuma unaopita katikati ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye mlima pua inainuka, tenki linazidi kuwa juu ya mpira huo, na uvujaji unaongezeka.

Harufu inaingiaje ndani? Feni ya injini inavuta hewa kutoka kwenye chumba cha injini, na sehemu ya hewa hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye hita. Milango ya hita ya magari ya umri huu mara nyingi haifungi sawasawa, kwa hiyo hata hita ikiwa imefungwa, mvuke wa petroli wa nyuma unafika miguuni mwa abiria. Harufu ikiwa kali zaidi mbele, na hasa ukiwa umetoka kujaza tenki, hapo angalia mpira wa shingo ya kujazia, mpira mdogo wa kupumulia wa tenki, na gasketi ya kipimo cha mafuta juu ya tenki. Na kama harufu inatoka katikati ya sakafu, bomba la chuma ndani ya handaki limekula kutu. Nitalifikia.

Kabla ya kukata chochote, pata mahali penyewe. Futa maungio yote kwa tambara hadi yakauke, tandika gazeti chini, subiri nusu saa. Petroli hukauka haraka na kuacha alama ya kahawia au vumbi lililoganda. Ukiona vumbi limeganda kama uji mkavu kuzunguka ungio, hapo pamekuwa pakivuja muda mrefu. Kisha kunja kila mpira kwa vidole. Mipira ya asili ya gari hili imevikwa kitambaa cha pamba, na kitambaa hicho kinaficha nyufa. Ukiukunja ukasikia ugumu wa plastiki, au kitambaa kikawa na unyevu, umekwisha, hata kama bado haudondoshi.

Ushauri wangu ni kutotafuta mpira mmoja mbovu. Mipira hii huwekwa pamoja na huzeeka pamoja. Ukibadilisha mmoja leo, wa pili utakuita mwezi ujao, na hujui utakuita ukiwa wapi. Badilisha yote siku moja.

Vifaa: mpira wa petroli mita 2, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5.5. Mabomba ya gari hili yana unene wa milimita 6 kwa nje, na mpira unatakiwa uingie kwa kubana. Dukani watakupa wa robo inchi wakisema ni sawa. Robo inchi ni milimita 6.35, unaingia ukiwa legelege, na ukikaza klipu unajikunja na kuacha mfereji mdogo ambamo petroli inapita. Soma maandishi ubavuni mwa mpira. Utafute ulioandikwa SAE J30 R9, au DIN 73379. R9 umetengenezwa kwa ajili ya injini za injeksheni, lakini ngozi yake ya ndani inavumilia petroli za siku hizi na ethanoli kuliko ile ya R6 na R7, mipira ya kawaida ya kabureta, na tofauti ya bei kwa mita 2 si ya kuumiza kichwa. Usio na maandishi yoyote, uache dukani. Kama una shaka hata na wenye maandishi, kata kipande cha sentimita 5, kizamishe kwenye petroli ndani ya chupa ya kioo kwa siku mbili, kisha ukipime kwa rula na ukibonyeze. Kikivimba, kikilegea au petroli ikageuka nyeusi, umejua.

Klipu 12, za aina iliyoviringwa kingo, inayobana duara lote kwa skrubu ndogo, saizi inayofaa mpira wenye unene wa nje wa milimita 11 hadi 13. Klipu za kawaida zenye matundu, zile za mipira ya rejeta, zina meno yanayokata mpira mwembamba namna hii. Waya wa kufungia usitumike kabisa badala ya klipu. Ongeza filta moja ya chuma, raba mpya za matundu, gasketi mbili za pampu, wembe mpya, madumu mawili ya chuma ya lita 20, na mtungi wa unga wa kuzimia moto wa angalau kilo 1. Mtungi huo ubaki kwenye gari hata baada ya kazi, karibu na kiti cha dereva. Ukiwa kwenye buti na moto uko nyuma yako, unapoteza sekunde unazozihitaji. Unga hauzimi magnesiamu, lakini unazima petroli kabla magnesiamu haijashika, na hiyo ndiyo nafasi pekee uliyo nayo. Vifaa hivi utavipata Gerezani, Kariakoo, na kwa wasomaji wa Nairobi, barabara ya Kirinyaga.

Kuhusu alichofanya fundi wako. Plastiki ile inayoonyesha hulainishwa kiwandani kwa kemikali, na petroli huitoa kemikali hiyo. Baada ya siku chache plastiki inakuwa ngumu, inasinyaa na kuteleza kwenye bomba. Karibu na injini ya moto inafanya kinyume, inalegea. Sabuni nayo haiyeyuki kwenye petroli, ndiyo maana madereva huziba nayo kitundu cha tenki njiani, na kwa tenki inaweza kukufikisha mji wa pili. Kwenye ungio linalotikisika na kupata joto inakauka, inapasuka, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye petroli vikaishia kwenye jeti za kabureta. Vitoe vyote viwili.

Kazi yenyewe uifanye nje, asubuhi kabla jua halijawa kali, na kamwe usiifanye juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unajaa shimoni kimya kimya na kusubiri cheche. Taa ya kuangazia iwe ya betri, uiwashe kabla hujaanza. Inua nyuma kwa jeki, weka stendi za chuma, toa gurudumu la nyuma upande unaofanyia kazi. Matofali na mawe hupasuka, usiyaamini.

Kuondoa petroli tenkini, fungua mpira chini ya tenki mbele, elekeza kwenye dumu lililokaa chini ardhini. Usinyonye kwa mdomo. Tone la petroli likipitia mapafuni linaleta homa ya mapafu ya kemikali, na halihitaji kuwa jingi.

Kutoa mipira ya zamani ndiko watu wanakoharibu. Usiushike kwa plaisi na kuuvuta, hasa kwenye kabureta na pampu. Chana mpira kwa urefu kwa wembe, taratibu usikwaruze bomba, kisha ubandue. Sababu utaiona hapa chini. Safisha ncha za mabomba ya chuma kwa msasa laini, ukizungusha. Ncha yenye mashimo ya kutu haitabana na mpira wowote, kata milimita chache hadi ufike kwenye chuma kizima. Kama ncha ni laini bila tuta, mwombe fundi mwenye mashine ya kupanulia mabomba ya breki akutengenezee tuta dogo kwa hatua ya kwanza tu ya mashine hiyo. Tuta hilo ndilo linalozuia mpira kuteleza.

Kata mpira mpya kwa wembe, ncha iwe wima. Plaisi ya kukatia huubana mpira na kuacha chembechembe ndani. Puliza ndani, paka tone moja la oili safi, sukuma mpira uingie sentimita 2 hadi 2.5. Klipu ikae nyuma ya tuta, milimita 3 hivi kutoka mwisho wa mpira, na kaza mpaka mpira uanze kubonyea kidogo pembeni mwa klipu, basi. Ukikaza zaidi unaukata kwa ndani, na hutauona.

Kipande cha nyuma kinastahili muda wako. Petroli inatoka kwenye handaki, inapita kwenye mpira, kisha inaingia bomba fupi la chuma linalopenya bati la mbele la injini. Penye tundu la bati hilo lazima pawe na raba. Raba ikikosekana, ukingo wa bati unasugua bomba au mpira kila injini inapotikisika, mpaka upenye. Mafundi wengi hutoa bomba hilo fupi na kupitisha mpira mtupu kwenye tundu. Rudisha bomba, rudisha raba. Mpira wa hapa uache na ulegevu kidogo, kwa sababu injini na giaboksi huchezacheza na chasisi haichezi. Ukiuweka umekazika kama kamba, utajivuta wenyewe kutoka kwenye bomba.

Filta iweke hapa, juu ya giaboksi, kabla ya bati la injini, mshale wake ukielekea kwenye injini, na uifunge isining'inie. Kuiweka kati ya pampu na kabureta ni desturi iliyoenea na ni mbaya. Joto linapasua filta za plastiki, na uzito wa filta unaning'inia kwenye kijibomba cha kabureta saa zote.

Na kijibomba hicho ndicho mahali ninapokuomba usipapite haraka. Kwenye kabureta ya Solex ya gari lako, petroli inaingia kupitia kijibomba cha shaba nyeupe kilichopigwa tu ndani ya mwili wa kabureta, bila nyuzi. Mwili ni wa aloi laini. Miaka 50 ya joto na mitikisiko, pamoja na mafundi waliovuta mipira kwa plaisi, imelipanua tundu. Siku moja kijibomba kinachomoka pamoja na mpira wake na klipu iliyokazwa vizuri, pampu inaendelea kusukuma, na petroli inamwagika juu ya distribyuta. Klipu haisaidii chochote hapo. Kishike kwa vidole, jaribu kukizungusha na kukivuta. Kikizunguka hata kidogo, usiwashe gari.

Tengeneza hivi: toa kifuniko cha juu cha kabureta chenye skrubu tano, kitoe kabisa kwenye gari, toa sindano ya floti na pete yake ya kuzibia (washa). Njia bora ni kumpelekea fundi wa mashine akate nyuzi kwenye tundu na kufunga nipeli ya kuskrubu ya milimita 6. Chembe za chuma zioshwe zote kabla ya kurudisha sindano. Njia ya pili, kama kinacheza kidogo tu, ni kuchora mistari kwenye kijibomba kwa ncha kali, kupaka gundi ya kushikilia beringi inayovumilia petroli, kukipiga taratibu kwa nyundo ya plastiki, na kuacha saa 24. Kwa vyovyote, kifunge pia kwa waya mwembamba wa chuma kwenye mwili wa kabureta. Ukishamaliza, angalia vijibomba vya pampu. Navyo vimepigwa tu.

Pampu ina hitilafu nyingine isiyoacha doa. Kiwambo chake cha ndani kikichanika, petroli inaingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili, unuse. Kiwango kikiwa kimepanda na oili ikinuka petroli, usiwashe injini. Badilisha pampu na umwage oili yote, lita 2.5. Unapofunga pampu, hakikisha rodi inayoisukuma inatokeza milimita 13 juu ya kitako chake inapofika juu kabisa, kitako na gasketi zikiwa mahali pake. Ikizidi, pampu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, sindano ya kabureta inashindwa kufunga, na kabureta inafurika. Watu huona mafuriko hayo wakadhani ni mpira.

Lililobaki ni bomba la handakini. Mipira ikiwa imetolewa mbele na nyuma na petroli imetoka yote, ziba ncha ya nyuma, unganisha pampu ya baiskeli yenye geji mbele, jaza hadi 0.3 bar na usubiri dakika 10. Geji ikishuka, bomba limetoboka. Unaweza kunusa na kuchungulia kupitia kifuniko kidogo kilicho juu ya handaki chini ya kiti cha nyuma, panapoungwa rodi ya gia. Bomba bovu lisizibwe kwa gundi wala kuchomelewa. Nunua mita 3 za bomba la kupronikeli au chuma la milimita 6. La breki, la milimita 4.75, ni jembamba mno. Bomba la shaba la friji, wanalolipenda mafundi kwa kuwa linakunjika kirahisi, huwa gumu kwa mitikisiko na kupasuka penye mkunjo. Bomba jipya lipite ndani ya handaki na lishikwe kwa vishikio, lisigusane na kebo ya klachi wala rodi ya gia.

Sasa jaribu. Rudisha lita 5 za petroli, subiri dakika 10, pitisha tishu kavu kwenye kila ungio. Ikibaki kavu, chomoa waya namba 15 wa koili ili injini isiwake, uuvike utepe, rudisha betri, piga selfu kwa sekunde chache chache hadi kabureta ijae. Pitisha tishu tena, safari hii kwenye upande wa pampu na kabureta. Rudisha waya, washa, mtu mmoja akanyage mafuta huku mwingine akitazama nyuma na mtungi mkononi. Endesha dakika 20 karibu na nyumbani, simama, angalia tena injini ikiwa ya moto, kwa sababu klipu zilizokazwa baridi hulegea mpira ukilainika. Zikaze tena baada ya kilomita 100. Andika mwaka kwa rangi nyeupe kwenye bati la injini, na ukifika mwaka wa tano, toa mipira yote tena, hata kama inaonekana mizima.